Mjerumani Asiyejua Kutukana

Kabla mzungu hajaja, Kiingereza tulikuwa tunafundishwa na mwalimu wa kilimo. Alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu mwema mwenye kifua kipana, na Kiingereza alikifundisha kama anavyofundisha muhogo: unachomeka, unafukia, unaondoka. Kikiota, heri. Kisipoota, basi udongo wa Rufiji ndio wenye makosa. Alipofika kwenye sentensi za kutendwa, zile za mpunga umeliwa na ndege badala ya ndege wamekula mpunga, alikohoa, akafunga kitabu, akasema, "Hizi mtazikuta mbele ya safari." Kisha akatutoa nje tukapalilie bustani ya shule.

Huko mbele ya safari kulikuwa na mtihani wa kidato cha pili. Ukifeli unakariri darasa. Ukifeli tena unarudi nyumbani, na nyumbani kwetu kulikuwa na jembe lililokuwa linanisubiri kwa hamu kuliko mchumba. Kwa hiyo mkuu wa shule aliposimama mstarini akatangaza kwamba tunaletewa mwalimu wa Kiingereza kutoka Ulaya, tena wa kujitolea, nilishangilia mpaka nikachapwa kwa kupiga kelele.

Kijijini, habari hiyo ilipokewa kwa huzuni. Kwetu sisi, kujitolea ni neno la mtendaji wa kijiji. Mtendaji anapita na filimbi jioni, anasema kesho watu wote wajitolee kusomba matofali ya shule, na asiyejitolea atakamatwa na mgambo. Sasa watu waliposikia kuna kijana wa kizungu anakuja kujitolea miaka miwili, waliona huyo kosa lake si dogo.

"Masikini wa Mungu," alisema bibi yangu. "Huko kwao alikimbia zamu ya nini, mpaka wamtupe Rufiji?"

Akaja na lori la Ikwiriri. Tangu biashara ilipofunguliwa kila mtu auze anachotaka, lori hilo lilikuwa haliishi vitu: sukari, redio za betri, marobota ya mitumba. Siku hiyo, juu ya robota la mitumba, alikaa kijana mrefu mwembamba, vumbi limempaka kuanzia nywele hadi kope, amekumbatia begi kama mtu aliyeokolewa kwenye mafuriko. Mtoto mmoja aliuliza kama naye ni wa kuuzwa.

Tulimwimbia wimbo wetu wa kukaribisha wageni, ule wa Kiingereza tusioujua maana. Akashuka, akashukuru, na kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula akasema, "Habari zenu. Mimi ninatoka Ujerumani. Nimefurahi kuwa miongoni mwenu."

Mkuu wa shule alimwinamia mwalimu wa kilimo. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nilisikia.

"Si tuliomba wa Kiingereza?"

"Mkuu, Ulaya kwenyewe kadogo. Wanasikilizana."

Nilikimbia nyumbani kumpelekea Bibi umbea ungali wa moto. Bibi ni Mmatumbi. Aliteremka kutoka milimani akiwa bibi harusi, akaja kukaa huku njia ya Ngorongo, lakini ulimi wake haukuwahi kuteremka. Nilimkuta anapeta mchele.

"Bibi, mzungu kafika. Mjerumani."

Ungo ukasimama. "Mjerumani? Yule yule?"

"Yule yule wa wapi?"

"Wa babu yangu! Wa bunduki!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, na kuku wakala bila kuitwa. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaniambia, "Mume wangu, nipe viatu. Mtani wangu kaja."

Bibi huniita mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, na sheria za utani alizijua kuliko hakimu anavyozijua zake. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Wangoni na Wahehe walipigana, leo ni watani, wanatukanana hata msibani na hakuna anayenuna. Utani ni vita iliyozeeka ikang'oka meno. Wamatumbi walipigana na Wajerumani, wakanywa maji ya dawa ili risasi ziyeyuke. Sasa kwa nini Mjerumani asiwe mtani?

Mwalimu wa kilimo alipopata habari alipinga hapo hapo, mbele ya ofisi.

"Mama, shikamoo, lakini ngoja kwanza. Sisi Wahehe ndio tulioanza kupigana nao. Mtani huyu ni wa kwetu."

"Marahaba. Nyinyi mlipigana nao wakaondoka," akasema Bibi. "Sisi walitufuata mpaka mapangoni. Nani alipendwa zaidi?"

Mwalimu wa kilimo akarudi bustanini. Mtani akawa wa Bibi.

Asubuhi ya kwanza Bibi alikwenda kwa mzungu na mimi nyuma yake. Tulimkuta barazani anapiga mswaki. Bibi hakubisha hodi. Alipanda, akamvua kofia kichwani, akaivaa mwenyewe juu ya ushungi.

"Hii nachukua! Nyinyi mlimla mbuzi wa babu yangu, mkamtemea mifupa! Risasi bado unazo, au umezimaliza kwa kunguru?"

Hapo mtu aliyelelewa vizuri anajua cha kufanya. Anasema, lete kofia yangu, kizee we, hicho kichwa kitaijaza chawa. Bibi anamjibu, watu wanacheka, siku inaanza na baraka. Yule kijana aligeuka mweupe kupita dawa yake ya meno. Akatema povu, akasimama wima, mikono ubavuni, kama anapigiwa wimbo wa taifa.

"Bibi," akasema, "ninaomba msamaha kwa niaba ya taifa langu."

Bibi akanigeukia. "Kasemaje?"

"Anaomba radhi."

"Radhi ya nini? Mimi ndiye niliyemwibia kofia!"

Kesho yake Bibi alirudi akachukua sabuni. Akaombwa radhi. Keshokutwa akachukua kandambili, tena moja tu, maana ukichukua zote mbili ni wizi, ukichukua moja ni utani mtupu. Ticha, ndivyo tulivyomwita yule mzungu, alimfuata akirukaruka kwa mguu mmoja, na watu walianza kujiandaa kucheka, wakijua sasa ndiyo tusi linakuja. Alipomfikia, akapiga goti vumbini. Akasema anajua kwamba hakuna maneno yanayoweza kufuta yaliyotendeka.

Bibi alitupa kandambili akakimbia. Sijapata kumwona Bibi akikimbia, hata nyoka alipoingia jikoni.

Nilimkuta uani amejiinamia. "Mume wangu, huyu hanitaki," akasema. "Mtu unamtukana siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hajakurudishia hata neno moja bovu. Nimemkosea nini?"

Mambo yakaharibika pande zote mbili. Bibi alinuna, na Bibi akinuna mboga haitiwi chumvi. Ticha naye akawa hali, hacheki, anapita njia ya nyuma kukwepa baraza letu. Darasani alikuwa amefika zile sentensi za kutendwa, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tunazielewa kidogo. Siku moja akaanza kuandika mfano ubaoni kuhusu watu waliofanyiwa jambo fulani na askari, akasita katikati, akafuta kwa kiganja, akatoka nje. Tulimwona kupitia dirishani amesimama kando ya choo cha walimu, ambako hakuna mtu anayesimama kwa raha.

Siku iliyofuata mkuu akatuambia, kwa sauti ya mtu ambaye paa la nyumba yake limeondoka na upepo, kwamba mwalimu wetu anaondoka na lori la Jumamosi. Anasema hastahili kuishi na watu ambao watu wake waliwatesa. Kila asubuhi anakumbushwa, na hana la kulipa.

"Kiingereza je, mkuu?" aliuliza kiranja wetu, msichana mwenye akili kuliko sisi wote tukichangishwa.

Mwalimu wa kilimo akakohoa. Darasa zima likashika kichwa.

Kikao kilifanyika chini ya dirisha la maabara, maabara yenyewe ikiwa chumba chenye chura kwenye chupa. Hoja ilikuwa moja: bila mzungu, tunafeli. Kiranja akaninyooshea kidole.

"Wewe. Bibi ni wako, na matusi shule hii yote tunachota kwako. Nenda kamfundishe kutukana."

Hiyo ndiyo siku pekee niliyopewa kazi ya shule ninayoiweza.

Nilimkuta ticha anakunja mashati. Nikamwamkia, nikakaa juu ya begi ili asiweze kulifunga.

"Ticha, Bibi hakuchukii. Anakutania."

"Ninajua neno hili. Lakini vita ilikuwa ya kweli."

"Ndiyo, ticha. Sasa isingekuwa ya kweli mngetaniana kwa lipi? Kwa bei ya nyanya?"

Akakaa kitandani, akafikiri kizungu, yaani kwa kukunja paji la uso zima. "Kwa hiyo nikiomba msamaha..."

"Unamwambia ugomvi bado upo. Halafu unamnyima na tusi lake. Kizee wa watu hali, ticha. Anakusubiri umtukane."

"Yeye hali?"

"Tangu juzi. Na mimi sili, maana yeye ndiye mpishi."

Hilo lilimgusa kuliko historia yote. Akakubali kujaribu. Nikamwambia anipe tusi la kwanza linalomjia.

Akafumba macho. "Bibi, wewe si mrembo sana."

"Ticha, hiyo ni posa."

"Bibi, nyumba yako... ina vumbi."

"Hayo ni maneno ya bwana afya. Ongeza uovu."

Akatoka jasho. "Bibi, ninakuchukia?"

"Sasa umeruka mtaro! Tusi la utani lina nyama ndani, lina ukoo, lina uongo mkubwa ambao kila mtu anaona ni uongo. Sikia hili." Nikasimama, nikabana pua, nikalitoa kama linavyotolewa: "We kizee! Babu yako alikunywa maji ya dawa mpaka tumbo likawa pipa! Risasi ikimpiga, inatoka na kambare!"

Ticha akashika mdomo. Nikaona mabega yanatikisika. Kumbe na yeye ana kicheko, tulidhani kilibaki forodhani.

Tulifanya mazoezi jioni mbili. Alikuwa na matatizo yake. Zeti haikumkubali, kizee kikawa "kitsee". Pia kila alipomaliza aliongeza "tafadhali", na nikawa namwambia, ticha, toa tafadhali, na yeye anasema samahani, na mimi nasema toa na samahani. Mwisho wake alilisema lote bila adabu yoyote, na nilijisikia kama mkulima anayeona chipukizi.

Mpango ukawa hivi. Jumamosi kijiji kizima huja kulipokea lori. Bibi atakuwepo, maana hakosi. Ticha atamtukana hadharani, Bibi atafurahi, yamekwisha, begi linarudi ndani. Tatizo, ticha alikuwa anaona bibi wote wanafanana.

"Nitamjuaje katika watu wengi?"

"Atakuwa amevaa kanga ya korosho," nikamwambia. Maana asubuhi hiyo nilimwona Bibi ameitoa kanga yake yenye pambo la korosho.

Wajameni. Kanga gani isiyo na korosho? Nenda duka lolote, Kibiti, Ikwiriri, hata Dar, ufungue doti kumi, korosho zinakutazama. Siku ile pale penye lori palikuwa na shamba zima la mikorosho. Na korosho iliyosimama mbele kabisa ilikuwa kiunoni mwa mama yake mwenyekiti wa kijiji.

Huyo, tunayemwita mama mwenyekiti, ni bibi wa Kindengereko, mwenye shamba kubwa la mpunga bondeni, ambaye inasemekana mara ya mwisho kucheka ilikuwa siku ya Uhuru, na hata hapo alijizuia. Bibi yangu alikuwa upande wa pili wa lori, anajaribu kuiba begi la ticha.

Nilimwona ticha anavuta pumzi. Nilimwona anaangalia korosho. Nikapiga kelele, "Ticha, siyo huyo!" lakini dereva akawa anapiga honi.

"We kitsee!" Sauti ilitoka kubwa, ya kijeshi, sijui aliificha wapi wiki zote zile. "Babu yako alikunywa maji ya dawa mpaka tumbo likawa pipa! Risasi ikimpiga, inatoka na kambare!"

Honi ikanyamaza. Utingo aliyekuwa amebeba gunia alibaki nalo begani, hajui alitue au arudi nalo.

"Huyu," akasema mama mwenyekiti taratibu, "anaongea na nani?"

Hakuna aliyejitolea kumjibu. Ticha alikuwa anatabasamu, anasubiri kufurahiwa.

"Babu yangu mimi, pipa? Mimi na Mjerumani wapi na wapi? Babu zangu walikuwa wanalima mpunga wao! Mgambo yuko wapi?"

Mgambo alikuwepo, na alianza kukunja mikono ya shati. Hapo ndipo Bibi alipopenya katikati ya watu, begi la ticha kichwani.

"Mwacheni! Huyo ni mtani wangu! Kakosea mlango!"

"Kakosea mlango?"

"Tusi hilo ni langu, dada yangu. Hebu lisikilize: maji, risasi, ni la Kimatumbi hilo! Nirudishie tusi langu."

"Limeshaingia masikioni mwangu, nitalitoaje?"

"Nimelisubiri tangu kijana huyu ashuke kwenye lori! Wewe umepita tu njiani, umelipata bure!"

Wallahi, wazee wawili waligombea tusi kama watoto wanavyogombea ukoko. Ticha alinivuta shati. "Ninafanya nini sasa? Ninaomba msamaha?"

"Ticha, ukiomba msamaha leo nitalia."

Mkuu wa shule akaingilia, mwenyekiti akaingilia, mwalimu wa kilimo akasema angekuwa mtani wa Wahehe haya yasingetokea, akaambiwa anyamaze. Mwishowe wakakubaliana kwamba mtani ndiye hubeba aibu ya mtani wake, kwa hiyo Bibi aseme adhabu gani inafaa. Bibi akamtazama ticha, akamtazama dereva aliyeshawasha gari, na nikaona jicho lake moja linafinyika. Jicho hilo nimelirithi, nalijua.

"Huyu kijana aje shambani kwa dada yangu, apande dunguni, aamie ndege mpaka mpunga uvunwe wote. Asikanyage lori kabla ya hapo."

Mama mwenyekiti akapima. Shamba lake ni kubwa na wajukuu zake wavivu. "Mpaka gunia la mwisho," akasema.

"Wamesema nini?" ticha akaniuliza.

"Wamesema huondoki, ticha."

Nilidhani atakasirika. Akamgeukia Bibi, akauliza kwa wasiwasi, "Lakini lilikuwa tusi zuri?"

"Zuri!" Bibi akampiga begani mpaka akayumba. "Umelitupa vibaya tu."

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, katikati ya mpunga, ili uwaone ndege na nguruwe kutoka mbali. Masomo ya asubuhi yakabaki darasani. Mchana ticha alipanda dunguni na makopo ya kugonga na teo la kurushia udongo, na sisi kidato cha pili tukakaa chini kwenye tuta, madaftari magotini. Kwelea wakishuka kama wingu, yeye anasimama, anapiga kopo, anapaaza sauti, na sisi tunaitikia bonde zima:

"Di bedzi a itingi di raisi!"

"Sasa itendwe!"

"Di raisi izi biingi itini bai di bedzi!"

Sijui ndege walielewa nini, ila walikuwa wanakimbia. Mama mwenyekiti aliletewa kigoda akawa anakaa pembeni, hacheki, anakagua. Ticha alikuwa harushi vizuri, udongo unatua kwetu. Siku moja bibi yule akapanda ngazi mwenyewe, akamnyang'anya teo, akamwonyesha mkono unavyozungushwa, akapiga kwelea watatu kwa donge moja, na alipokuwa anashuka tulimsikia akijisemea, "Bai di bedzi. Mashetani wakubwa." Akawa anamletea wali na kambare. Hakumwambia karibu. Aliweka tu sahani, na kusimama mpaka wali uishe.

Bibi yangu naye alikuwa akipita kila siku kwenda kuchota maji, njia ambayo haiendi kisimani.

Mpunga ukaisha. Gunia la mwisho likashonwa Ijumaa, na Jumamosi lori likaja. Kijiji kizima kikajaa pale. Adhabu ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ticha anafikiria nini. Mtihani ulikuwa bado mbali, mbele ya likizo na muhula mzima. Alikuja na begi. Kiranja wetu akaniminya mkono mpaka damu ikasimama.

"Mzungu, unapanda?" utingo akauliza.

Bibi akatangulia kujibu. Alikuwa amechelewa, anahema. "Hapandi! Hajanitukana leo!"

Ticha akaliweka begi chini. Nilianza kumnong'oneza tusi moja nililoliandaa, zuri, lina nazi ndani. Akanisogeza pembeni kwa mkono. Akamtazama Bibi toka ushungi hadi visigino.

"Bibi, uko hai?" akasema. "Nilipoona umechelewa, nilifurahi. Nilifunga begi, nikasema mazishi yakiisha mapema nitawahi lori."

Sikumfundisha mimi hilo. Mtu hafundishwi hilo. Bibi alifungua mdomo, ukakosa neno, jambo ambalo ukoo wetu haujapata kuliona, akakaa kitako juu ya gunia la watu, akacheka mpaka akaomba maji. Hata mama mwenyekiti akageuka upande, kanga mdomoni, mabega yanacheza.

Lori likaondoka bila ticha. Tukarukaruka, tukakumbatiana, tukamwimbia wimbo wetu wa kukaribisha wageni kwa mara ya pili. Mwalimu wa kilimo alicheza kuliko wote, nadhani kwa kuponea kufundisha Kiingereza. Ndipo ticha akafungua begi lake tuone lilikuwa na nini, na halikuwa na shati hata moja. Lilikuwa limejaa madaftari yetu aliyosahihisha, mekundu wino mtupu toka jalada hadi jalada.

"Kidato cha pili," akasema, "darasani. Sasa hivi."

"Ticha, leo Jumamosi!"

"Wewe," akanionyesha kidole, "utakaa mbele."

Nikamtazama Bibi aniokoe. "Nenda, mume wangu," akasema, bado anajifuta machozi. "Si Kiingereza ndicho ulichokuwa unakipigania?"